Kutoka Sumu ya Mshale hadi Waya wa Kuzibua Moyo

Dawa ya moyo iliyotoka upande wetu wa Afrika na kufika maduka ya dawa ya London ilianza kama sumu. Katika safari ya David Livingstone ya mito Zambezi na Shire, iliyoanza mwaka 1858, daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Mskoti John Kirk, alikusanya sumu ya mishale ambayo wawindaji wa huko waliiita kombe. Aliiweka mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja, alipopiga mswaki, alisikia uchungu mkali mdomoni, na alipojishika kifundo cha mkono akakuta mapigo ya moyo yamepungua. Mtu mwingine angetema, akasukutua na kuendelea na safari. Kirk aliliweka jambo hilo kwenye kumbukumbu, na sumu ikapelekwa Uingereza kuchunguzwa.

Huko Edinburgh, Profesa Thomas Fraser aliipima kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha kombe huufanya moyo uliochoka usukume damu kwa nguvu zaidi. Mwaka 1885 aliwatangazia madaktari wenzake habari hiyo, na muda si mrefu kampuni ya Burroughs Wellcome ikawa inaiuza kwenye chupa. Mimea jamaa ya ule unaotoa kombe ipo Tanzania pia. Mmojawapo umepewa jina la Emin Pasha, yule aliyepandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890, na Wahadza wa Bonde la Eyasi wanautumia hadi leo kwenye mishale yao.

Kirk mwenyewe alihamia Zanzibar mwaka 1866, akawa balozi wa Uingereza mwenye sauti kubwa kwenye baraza la Sultani. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumpelekea Livingstone shehena bara, na shehena hizo zilipaswa kupitia Unyanyembe, yaani Tabora. Ndipo tunapofika kwenye njia yenyewe.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikaingia Tabora na kugawanyika: mkono mmoja ulielekea Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza na Buganda. Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, walikofika tarehe 7 Novemba 1857. Julai iliyofuata Speke alishika njia ya kaskazini hadi akaliona ziwa. Leo anayetoka Tabora kwenda Nzega anakuta Puge karibu nusu ya safari, kando ya lami. Kutoka hapo hadi Mwanza ni takriban kilomita 300. Hadi Dar es Salaam ni kama 900. Msomaji azishike namba hizo mbili, kwa sababu kwa mgonjwa wa moyo umbali ni sehemu ya matibabu.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba karibu kila kitu kwenye njia hiyo: pembe za ndovu, shaba, shanga, vitambaa, chumvi ya Uvinza. Dawa zilikuwa chache na zilipotea kirahisi. Januari 1867 wabebaji wawili walimtoroka Livingstone na mzigo wenye sanduku lake la dawa, naye aliona kama amehukumiwa kifo. Alipokaa Kwihara, karibu na Tabora, kati ya Februari na Agosti 1872 akisubiri watu na mahitaji kutoka kwa mwandishi wa habari Stanley, hakukuwa na daktari mwingine wa kizungu wa kumtibu kwa mamia ya kilomita. Waganga wa Kinyamwezi walikuwapo, na mizizi yao ilitibu mengi. Lakini maumivu ya kifua yanayomkamata mzee akipanda mlima na kumwachia akisimama, hakuna tabibu yeyote wa wakati ule, wa Unyamwezi wala wa Ulaya, aliyejua kuyaondoa kutoka kwenye chanzo chake.

Ulaya, hata hivyo, walikuwa wameshayaeleza. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwasomea wenzake wa London maelezo ya watu wanaobanwa kifua wakitembea, hasa baada ya kula, na kupata nafuu wakisimama tu. Hakujua sababu. Edward Jenner, ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa chanjo ya ndui, alihisi kwamba mishipa midogo inayoulisha moyo imekuwa migumu, lakini akanyamaza ili asimtie hofu mwalimu wake, daktari bingwa wa upasuaji John Hunter, aliyekuwa na maumivu hayo hayo. Hunter alijua kwamba hasira zinaweza kumuua. Oktoba 1793 alikorofishana na wenzake kwenye kikao cha hospitali, akatoka chumbani, akaanguka na kufa. Walipompasua, dhana ya Jenner ilithibitika.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea mwilini. Moyo ni msuli, nao unahitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo inaletwa na mishipa inayouzunguka kwa nje, myembamba kuliko kalamu. Kwa miaka mingi lehemu hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, njia ikapungua. Mtu akikaa, damu inatosha. Akipanda kilima au akibeba gunia, haitoshi, na kifua kinabana. Siku utando huo wa lehemu unapopasuka, damu inaganda juu yake na kuufunga mshipa kabisa. Msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo unaanza kufa muda mfupi baadaye. Hilo ndilo shambulio la moyo. Kombe, kwa uwezo wake wote, lilikuwa likiuchapa moyo ufanye kazi zaidi. Mshipa ulioziba liliuacha kama ulivyo.

Dawa ya kwanza iliyogusa maumivu yenyewe ilitoka mahali pa ajabu. Mwaka 1867, Livingstone akiwa bado anazunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, daktari kijana wa Edinburgh, Lauder Brunton, alimnusisha mgonjwa mvuke wa amili nitriti akaona maumivu yanatoweka kwa dakika chache. Mwaka 1879 William Murrell wa London akaonyesha kwamba nitrogliserini, ambayo Alfred Nobel alikuwa akiitumia kutengenezea baruti kali, nayo inatanua mishipa na kutuliza kifua. Muda mfupi kabla ya kufa kwake Desemba 1896, Nobel mwenyewe aliandikiwa dawa hiyo na madaktari wake, akaliona ni jambo la kuchekesha. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi, ambacho wagonjwa wengi wa Tanzania wanakijua, ni mjukuu wa dawa hiyo. Hutuliza, lakini hakizibui.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka huohuo, mjini Chicago, James Herrick alieleza kwamba damu inaweza kuganda ghafla kwenye mshipa wa moyo na mgonjwa asife papo hapo. Akasema hali hiyo inaweza kutambuliwa na kutibiwa. Wenzake hawakumjali sana. Ilichukua miaka, na msaada wa kipimo cha umeme wa moyo alichokibuni Willem Einthoven wa Uholanzi, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, kabla ya madaktari kukubali kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa kawaida unaoweza kuonekana kwenye karatasi.

Wa kawaida kwao. Kwetu ulionekana kama hekaya.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiyo iliyoweka ushahidi mzito zaidi. Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa karibu miaka thelathini, aliandika mwaka 1956, pamoja na mwenzake Singh, juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwamba mgonjwa mmoja tu alistahili makala katika jarida la madaktari kunaonyesha ugonjwa ulivyokuwa adimu. Mwaka 1960 ikatoka hesabu iliyowashangaza wengi: maiti 632 zilizopasuliwa Uganda zilikuwa na kovu moja tu la shambulio la moyo, wakati maiti 632 za watu wa umri na jinsia zilizolingana kutoka St. Louis, Marekani, zilikuwa na 136. Mjini Kampala kwenyewe, A. G. Shaper na Kenneth Jones waliripoti mwaka 1959 kwamba Waafrika waliokula matoke na mihogo walikuwa na lehemu kidogo kwenye damu, ilhali Wahindi wenye maduka mitaa ya jirani walikuwa nayo nyingi na walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo. Hewa ileile, jua lilelile, chakula tofauti.

Wakati huohuo Mmarekani George Mann alikuwa akipima Wamasai wa Tanganyika, watu wanaokunywa maziwa kwa wingi na kula nyama, na kwa nadharia za siku hizo walipaswa kuwa wanaanguka ovyo. Hawakuanguka. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya wanaume wa Kimasai waliokufa: kuta za mishipa zilikuwa na lehemu, lakini mishipa ilikuwa imetanuka kiasi kwamba damu ilipita bila taabu. Mann aliamini ni kutembea kwao. Wasomi bado wanabishana juu ya maelezo yake, ila kutembea hakuna anayekubisha.

Ripoti hizo zilikuwa sahihi kwa wakati wake, na zikaleta madhara ambayo waandishi wake hawakuyakusudia. Vizazi vya madaktari wa Afrika Mashariki vilifundishwa kwamba moyo wa Mwafrika huugua kwa homa ya baridi yabisi, presha na ulegevu wa msuli, lakini mishipa yake haizibi. Kilichofundishwa hakionekani kirahisi kinapobadilika. Na kilibadilika. Rais Jomo Kenyatta, aliyekuwa na historia ya matatizo ya moyo, alifariki usingizini Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na wengi wakaendelea kuamini kwamba huo ni ugonjwa wa wakubwa. Lakini mafuta ya kupikia, soda na sukari vilikuwa vimeshashika njia ya wapagazi, tena kwa lori.

Tumbaku nayo. Mradi wa karanga wa Waingereza uliposhindwa Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima waligeukia tumbaku, na mkoa wa Tabora ukawa ghala la zao hilo nchini. Uchunguzi wa mji wa Framingham, Marekani, uliokuwa ukiwafuatilia watu 5,209 tangu mwaka 1948, ulithibitisha katika miaka iliyofuata kwamba sigara, presha na lehemu ndivyo vinavyoandaa shambulio la moyo. Mkulima wa Tabora aliipeleka tumbaku mnadani akapata ada ya shule. Ni vigumu kumlaumu, na ni vigumu vilevile kusahau inakoishia.

Turudi kwenye tiba, kwa kuwa miaka ya 1950 ndiyo iliyoleta mapinduzi. Tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine aliyoihangaikia kwa miaka karibu ishirini, iliyofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wa msichana wa miaka 18 umefunguliwa. Msichana alipona. Tangu hapo daktari wa upasuaji aliweza kuusimamisha moyo akaushona kwa utulivu. Lakini ashone wapi? Mishipa ilikuwa haionekani vizuri kwenye eksirei.

Jibu lilikuja kwa ajali. Oktoba 30, 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic, Mason Sones alikusudia kupiga picha ya mshipa mkuu wa kijana mwenye tatizo la vali. Mrija ukateleza ukaingia kwenye mshipa wa kulia wa moyo, na dawa ya rangi ikamiminika humo. Moyo wa kijana ukasimama kwa sekunde kadhaa. Sones akamwamuru akohoe, akakohoa, moyo ukaanza tena. Wakati huo vitabu vilisema tukio kama hilo huua. Sones alipotulia akatambua kwamba ameona kwa uwazi ramani ya mishipa ya moyo ya mtu aliye hai.

Mtu aliyeitumia ramani hiyo vizuri kuliko wote alikuwa daktari wa kijijini. René Favaloro wa Argentina alikaa miaka kumi na miwili Jacinto Aráuz, mji mdogo katika nyika za La Pampa, na kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi Nzega au Sikonge maisha yake ya huko yanajulikana bila kuelezwa. Pamoja na ndugu yake walijenga kliniki, wakafundisha wauguzi kwa vitendo, wakaandika orodha ya wanakijiji wa kila kundi la damu ili mgonjwa akihitaji wafuatwe nyumbani. Mwaka 1962 aliondoka kwenda Cleveland. Siku zake alifanya upasuaji, na jioni alikaa na Sones akizitazama filamu za mishipa moja baada ya nyingine. Mei 1967 alichukua kipande cha mshipa wa mguuni wa mgonjwa, akakitumia kuipitisha damu kando ya sehemu iliyoziba. Wengine walikuwa wameshajaribu: Robert Goetz, New York, 1960, ambaye kabla ya hapo alipima shinikizo la damu la twiga Afrika Kusini, na Vasilii Kolesov, Leningrad, 1964, aliyetumia mshipa wa kifuani. Lakini ni Favaloro aliyeufanya upasuaji huo uwe kazi ya kila siku. Miezi saba baadaye, Desemba 3, Christiaan Barnard alipandikiza moyo mzima Cape Town, akachukua kurasa zote za mbele za magazeti. Kwa idadi ya watu waliookolewa, mshipa wa mguuni uliushinda moyo wa Barnard kwa mbali.

Favaloro alirudi kwao, akajenga taasisi Buenos Aires iliyotibu wenye fedha na wasio nazo. Julai 2000 alijiua, taasisi ikiwa imelemewa na madeni, bima za serikali zikiwa hazijalipa. Wasimamizi wa hospitali za moyo za Afrika wangefanya vema kusoma mwisho wake kwa makini kama wanavyosoma mwanzo wake.

Mjerumani Andreas Grüntzig alitaka kuepuka kisu kabisa. Akiwa Zürich, kwenye meza ya jikoni ya nyumbani kwake, alikata, akagundisha na kupima mirija yenye kiputo kidogo mwishoni. Septemba 16, 1977, aliupitisha mrija kutoka kwenye paja la mwanamume wa miaka 38 hadi kwenye mshipa wa moyo uliobanwa, akakijaza kiputo, kikaitanua njia. Mgonjwa alikuwa macho. Miaka kumi baadaye mshipa ule ulipopigwa picha ulikuwa bado wazi. Grüntzig hakuwapo kuushuhudia, kwa sababu alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1985, akiwa na miaka 46. Mwaka 1986 Ufaransa na Uswisi zikaongeza kipande cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ya mshipa kuuzuia usijifunge tena. Madaktari wetu wanakiita stenti, na jina limeshika.

Wakati vyumba vya upasuaji vikipata sifa, kazi kubwa zaidi ilikuwa ikifanyika kwa dawa za bei ndogo. Waitaliano, mwaka 1986, walichapisha majaribio ya karibu watu 12,000 waliopewa streptokinesi, dawa inayoyeyusha damu iliyoganda. Waliopewa ndani ya saa ya kwanza ya maumivu, vifo vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 1988 yakaja majaribio ya ISIS-2, watu 17,187 katika hospitali 417: aspirini peke yake, kidonge kinachouzwa hadi kwenye vioski, ilipunguza vifo kwa asilimia 23; streptokinesi peke yake 25; zote mbili pamoja, 42. Wahariri wa jarida lililochapisha majaribio hayo walidai matokeo yagawanywe kwa makundi madogo madogo ya wagonjwa. Watafiti wakawagawa pia kwa nyota za kuzaliwa, wakaonyesha kwamba aspirini haiwasaidii watu wa nyota ya Mapacha na ya Mizani. Wanajimu wa pwani wangefurahi. Watafiti walikuwa wanawadhihaki wahariri, wakionyesha jinsi hesabu inavyodanganya ikikatwakatwa mno.

Tanzania iliingia kwenye historia hii kwa mlango wa ndege. Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyehitaji upasuaji wa moyo alipelekwa India kwa gharama ya Serikali, akiwa na bahati ya kupata kibali, na wasio na kibali walichangiwa na ukoo, kanisa, msikiti na wanakijiji. Wengi walikufa faili zikiwa mezani. Mei 2008, timu ya Watanzania waliokwenda kujifunza India ilianza upasuaji wa kufungua moyo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2015 idara hiyo ikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, chini ya Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Timu za Australia, India, Marekani na kwingineko zilikuja kwa kambi, zikifanya upasuaji na kufundisha palepale mezani.

Maneno ya taasisi hiyo sasa yanajulikana hadi kwenye daladala. Upasuaji wa tundu dogo ni ule wa Grüntzig: waya unaingia kwenye mkono au paja, na katika mtambo wa Cathlab daktari anaona mshipa kwenye kioo, anauzibua na kuweka stenti. Upasuaji wa kufungua kifua ni ule wa Favaloro: mishipa inavunwa mguuni au kifuani na kupandikizwa kwenye moyo. Bugando ya Mwanza na Benjamin Mkapa ya Dodoma nazo zimeingia kwenye tiba za moyo, na madaktari bingwa wa Dar hufunga safari za mikoani katika mpango unaoitwa Tiba Mkoba. Ni hatua ambazo miaka ishirini iliyopita zingeonekana ndoto, na anayezibeza hakumbuki foleni ya kibali cha India.

Hata hivyo, ramani ya Puge haijabadilika. Mkulima wa miaka hamsini na tano anapokamatwa na maumivu kifuani saa tisa usiku, ni nani atakayejua ni nini? Watafiti wa KCMC, Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke, walipima wagonjwa 681 walioingia idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliokutwa na shambulio la moyo walikuwa 152. Wachache mno kati yao walikuwa wametambuliwa hivyo na waliowahudumia, na baada ya siku 30 zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamekufa. Hiyo ni hospitali ya rufaa ya kanda, yenye maabara na madaktari bingwa. Somo la miaka ya 1950, kwamba Mwafrika hapatwi na ugonjwa huu, bado linaua. Mgonjwa anapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.

Msuli wa moyo uliokosa damu unaanza kufa ndani ya nusu saa, na baada ya saa kumi na mbili kilichobaki cha kuokoa ni kidogo. Kuzibua kwa waya ndiko bora, mradi mgonjwa afike kwenye mtambo ndani ya kama saa mbili. Kutoka Puge hakuna gari litakalofanya hivyo, lami au bila lami. Streptokinesi, kwa upande mwingine, ni chupa ya dawa na dripu. Inahitaji muuguzi anayejua kuitoa na kipimo cha umeme wa moyo (ECG) cha kumhakikishia kwamba anachotibu ndicho. Kwa wale ambao maumivu yao yanakuja na kuondoka kwa mazoea, majaribio makubwa ya COURAGE ya mwaka 2007 na ISCHEMIA, yaliyotolewa mwaka 2019 yakiwa na watu 5,179, yalionyesha kwamba stenti haikupunguza vifo kuliko dawa nzuri zinazomezwa kila siku: aspirini, dawa ya lehemu iliyotokana na ukungu alioufuga Mjapani Akira Endo, dawa ya presha. Dawa hizo zinaweza kukaa kwenye kabati la duka la dawa la wilaya.

Kwa hiyo mwandishi wa makala haya anaona kwamba, kwa upande wa magharibi wa nchi, pesa ya kwanza ya moyo isiende kwenye jengo jipya. Iende Hospitali ya Wilaya ya Nzega, hospitali ya misheni ya Ndala, na Hospitali ya Kitete mjini Tabora, zikapate ECG inayofanya kazi usiku na mtu aliyefundishwa kuisoma, ambaye akitilia shaka anaipiga picha na kuituma kwa bingwa Mwanza au Dar kwa simu. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iwe kwenye jokofu la hapo hapo, wala isisubiri oda.

Na wewe msomaji: maumivu mazito katikati ya kifua yanayokwenda kwenye taya au mkono wa kushoto, yenye jasho la baridi na kichefuchefu, yanayodumu zaidi ya dakika chache, si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Usimpe mgonjwa chai ya tangawizi akalale. Mpeleke hospitali usiku huohuo, uutaje moyo kwa jina kabla ya muuguzi hajautaja, na uombe ECG. Madiwani wa Nzega na wabunge wa Tabora, kwa upande wao, waulize kwenye kikao kijacho cha bajeti mashine hizo ziko wapi, ngapi ni nzima, na ni nani anayezisoma baada ya saa kumi jioni.